Jibu: Umri wa postikadi ya chuo isiyo na muhuri wa posta

Umeuliza utajuaje umri wa kadi ya chuo cha Marekani ambayo haikutumwa, na kama uibandue kwenye albamu.

Anza na mgongo wa kadi, picha baadaye. Kama hakuna mstari unaotenganisha ujumbe na anwani, kadi ni ya kabla ya Machi 1907. Hapo ndipo Marekani iliporuhusu kuandika ujumbe upande wa anwani. (Uingereza iliruhusu mwaka 1902, kwa hiyo usitumie kipimo hiki kwa kadi za Oxford.) Ukingo mweupe kuzunguka picha huelekeza takriban 1915 hadi 1930. Karatasi yenye mparuzo kama wa kitambaa ni ya miaka ya 1930 na 1940. Kadi za picha ya rangi inayong'aa zilianza 1939.

Kisha linganisha na majengo: mwaka ambao jengo lilifunguliwa, likaungua au kubomolewa. Ila angalia, wachapishaji walitumia picha moja kwa miaka mingi, hivyo jengo linakupa umri wa picha tu. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Kuhusu gundi: usibandue. Tabaka la juu la karatasi huchanika, na mgongo uliochunika hushusha thamani kuliko kona iliyokunjika. Kata ukurasa wa albamu kuizunguka kadi, uihifadhi hivyo hivyo ndani ya mfuko wa plastiki ya poliesta. Mifuko laini ya plastiki aina ya PVC iepuke kabisa. Hutoa kemikali zinazonata kwenye wino.