Mzani peke yake hautoshi
Dada, umeuliza mama wa kilo 92 mwenye presha apimwe nini zaidi ya uzito. Kiuno! Mafuta yanayozunguka ini na utumbo ndiyo yanayouumiza moyo, kuliko ya mapajani. Azima futi ya fundi cherehani hapo Ngamiani, leso aliyojifunga aivue, futi ipite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, atoe pumzi kwanza. Mwanamke akifika sentimita 80 hatari imeongezeka, 88 ni kubwa. Wanaume 94 na 102. Na tafadhali, kama mkono wake ni mnene, mwombe muuguzi mkanda mpana wa kupimia presha, maana mdogo hupandisha namba kwa uongo. Dawa asiache mpaka daktari aseme.