Maswali ya Wasomaji: Yai linapogoma kuelea

Swali: Hamjambo wahariri? Nafundisha sayansi darasa la tano. Nilitia vijiko viwili vya chumvi kwenye lita moja ya maji, yai likatua chini mbele ya wanafunzi. Lakini yai lililokaa siku nyingi nyumbani lilielea kwenye maji matupu! Nimekosea wapi?
*Mwalimu, Tanga*

Jibu: Mwalimu, chumvi haikutosha. Kijiko cha chakula cha chumvi laini, kikisawazishwa kwa kisu, ni gramu 18 hivi. Viwili ni gramu 36 kwa lita: hapo umetengeneza maji ya bahari, na yai bichi huzama hata baharini.

Chukua yai la gramu 60. Ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 55.5, na likizama lote husogeza maji kiasi hichohicho. Maji nayo hulisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosogezwa. Ndiyo kanuni ya Archimedes. Maji matupu ya ujazo huo ni gramu 55.5, kwa hiyo yai limezidi kwa gramu 4.5. Ya bahari ni gramu 57, bado. Ukitia vijiko vinne katika nusu lita, maji ya ujazo huo hufika gramu 60.5 hivi, na yai huinuka.

Tumia maji vuguvugu ili chumvi iyeyuke upesi, koroga mpaka usione chembe chini, kisha yaache yapoe kabisa. Hapa wengi hukosea: maji ya moto ni mepesi kidogo, na tofauti hiyo ndogo inatosha kulizamisha yai. Chumvi ya mawe usiipime kwa kijiko, maana ina mianya. Ipime kwa mizani, gramu 72. Mayai hayafanani, kwa hiyo likigoma ongeza nusu kijiko. Likishaelea, mimina maji matupu polepole juu ya mgongo wa kijiko. Yatakaa juu ya yale ya chumvi, na yai litaning'inia katikati. Watoto hawasahau.

Lile la nyumbani limezeeka. Ganda lina vitundu visivyoonekana. Maji ya ndani hutoka kama mvuke na hewa huingia, hivyo chumba cha hewa upande ule butu hukua. Ujazo haubadiliki, uzito hupungua. Kwanza yai husimama kwa ncha, upande butu ukiwa juu, halafu huelea. Kuelea ni dalili ya uzee, si lazima liwe viza. Livunje kwenye kibakuli cha pembeni, ulinuse.

Swali: Kwa nini msumari huzama na meli ya chuma huelea?
*Msomaji, Kisumu*

Jibu: Msumari wa gramu 100 husogeza maji yasiyofika gramu 13. Meli ni chuma kilichozungushia hewa, kwa hiyo husogeza maji mengi kabla haijazama. Jaribu kwa karatasi ya alumini ya sentimita 20 kwa 20: kunja sentimita 5 kila upande, upate kisanduku cha 10 kwa 10. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 500, kwa hesabu hubeba karibu nusu kilo. Kwa kweli huzama mapema, kwa sababu kuta hulegea na mzigo hutelezea upande mmoja. Mchele uliofungwa ukawekwa katikati hutulia vizuri. Kisha fumbata karatasi hiyohiyo uitupe majini. Itaelea bado! Hewa imenaswa kwenye mikunjo. Ipondeponde kwa nyundo, ndipo izame.

Swali: Je, mbao zote huelea?
*Msomaji, Lindi*

Jibu: Hapana. Mpingo una takriban gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo, nao huzama kama jiwe. Mwembe mkavu huelea, na mafundi wa pwani huchonga mitumbwi kwa mti huo.