Potasiamu ni 2.8.8.1, si 2.8.9

Dada wa Kondele, nimekuelewa: binti yako wa kidato cha pili amekariri elementi 20 za kwanza, lakini mpangilio wa elektroni za potasiamu anauandika 2.8.9. Kukariri aweke kando kwanza. Aanze na namba ya atomu, yaani idadi ya protoni. Atomu isiyo na chaji ina elektroni idadi hiyo hiyo. Azipange kwenye maganda (ngazi zinazozunguka kiini cha atomu): 2, 8, 8, zinazobaki ziende ganda la nne. Namba ya atomu ya potasiamu ni 19, kwa hivyo 2.8.8.1: maganda manne, kipindi (mstari wa jedwali la elementi) cha 4, elektroni moja nje, kundi (safu wima) la 1. (Ganda la tatu hubeba hata 18, ila hayo ya baadaye.) Uzito wa atomu usimpotoshe, elementi hupangwa kwa namba ya atomu: agoni, yenye uzito takriban 40, hutangulia potasiamu yenye 39. Potasiamu kwenye maji huwaka. Aione maabara tu, mwalimu akiwepo.