Muulize Mwalimu: Je, "soybean" ni maharage?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama, nafuga kuku wa mayai hapa Makambako. Dukani nimekuta mfuko umeandikwa "soybean meal", wa pili "full fat soya", na jikoni nina chupa ya "soy sauce". Binti yangu wa kidato cha pili anasema "soybean" maana yake ni maharage ya soya, na kwamba nikiandika "soya bean" nimekosea tahajia. Je, vyote hivi ni kitu kimoja? Na kwa Kiswahili niseme maharage ya soya, au soya tu?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na binti, asije akakusahihisha bure. "Soybean", neno moja, ndivyo wanavyoandika Wamarekani. Waingereza huandika "soya bean", maneno mawili, na sisi tuliosomeshwa kwa vitabu vyao ndiko tulikoipata hiyo "soya" yenye a mwishoni. Wote mko sawa. Ila kwenye insha achague moja, asiruke huku na huku.

Sasa hiyo chupa. Wengi hudhani sosi ilichukua jina kutoka kwenye mbegu. La, mbegu ndiyo iliyochukua jina la sosi. Wajapani huuita ule mchuzi mweusi wa chumvi "shoyu". Waholanzi waliokuwa wakifanya biashara Nagasaki walibeba mchuzi pamoja na jina lake, na huko Ulaya jina likapindapinda midomoni mwa watu hadi likawa soya, soja na soy. Mwaka 1679 mwanafalsafa John Locke aliandika katika shajara yake kuhusu "saio", sosi iliyoletwa Uingereza kutoka Mashariki. Wakati huo Waingereza walijua ladha ya mchuzi, mbegu hawaijui. Walipokuja kuiona wakaiita harage la ile sosi. Ni kama mgeni aliyeonja tui kabla ya kuona nazi, kisha akauita mnazi "mti wa tui". Wajapani wenyewe mbegu huiita "daizu", yaani harage kubwa, wala hawaichanganyi na shoyu. Ndiyo maana ukikuta "soy" tupu katika mapishi ya kale ya Kiingereza, ujue ni mchuzi unaotajwa. Na kwa kawaida mchuzi huo hutengenezwa kwa soya na ngano pamoja, kwa hiyo kama nyumbani kuna mtu asiyepatana na ngano, soma kibandiko vizuri.

Tuje kwenye "bean", maana hapo ndipo tafsiri inapoteleza. Kiingereza hulitumia neno hilo ovyo ovyo: choroko ni "mung bean", buni ni "coffee bean", hata mbegu za mbarika, ambazo ni sumu, nazo ni "castor bean". Hakuna anayesema maharage ya kahawa. Soya na maharage ni ndugu wa jamii moja ya kunde, kama zilivyo karanga na mbaazi, lakini tabia zao mbalimbali. Katika soya kavu, protini hukaribia asilimia 40 na mafuta asilimia 20. Mafuta ya maharage hayafiki hata asilimia 3.

Hilo nililijua kwa sufuria kabla sijalijua kwa kitabu. Niliwahi kuletewa soya kutoka Songea, nikaziloweka usiku kucha, nikazibandika kwenye jiko la mkaa kama maharage ya kawaida. Saa mbili zikapita. Ngozi zimevuka zinaelea juu na povu jingi, punje zenyewe ukizitafuna bado zinagoma, na zinanuka majani mabichi. Mke wangu aliniangalia tu, akaenda kukaanga mayai.

Kwa hiyo, mama, mimi husema soya tu. Maharage ya soya si kosa, utayakuta vitabuni, lakini jina hilo humpa mpishi matumaini ya uongo. Ukizungumzia mbegu, sema soya hizi zimeiva. Ukizungumzia unga, soya hii imevunda. Ukitaka moja, ni punje ya soya. Bukavu utasikia "soja", kwa kuwa wao wameipokea kupitia Kifaransa. Jina hilo usiende nalo Nairobi, huko soja ni mlinzi wa getini.

Nimebakiza mifuko yako, na hapa naungama. Miaka mingi iliyopita nililipwa kutafsiri vibandiko vya duka moja la vyakula vya mifugo. "Soybean meal" nikaandika "mlo wa soya", nikajiona fundi. Baada ya wiki mbili mama mmoja akarudi na mfuko begani, anauliza uji wa mtoto unapikwa kwa vijiko vingapi. "Meal" ya namna hii si mlo hata kidogo, ni kitu kilichosagwa. Hapo maana yake ni mashudu ya soya, yale yanayobaki mafuta yakishakamuliwa. Nilishinda duka lile siku nzima na kalamu ya wino mzito, naandika MASHUDU mfuko baada ya mfuko. Bila malipo, bila shaka.

"Full fat" ni soya nzima, mafuta yake hayajakamuliwa, ila imepitishwa kwenye moto. Usipuuze huo moto. Soya mbichi ina viini vinavyozuia tumbo kusaga protini. Kuku atakula ashibe, lakini hakui vizuri na mayai yanapungua. Muuzaji akikuzungusha ukimuuliza kama imekaangwa, omba punje chache utafune palepale. Mbichi utaitambua kwa ule ujani ulionishinda mimi na mkaa wangu. Iliyokaangwa vizuri inavunjika kwa urahisi na inanukia kama karanga.