Piga picha siku ambayo hakuna kitu

Mi huwa napiga picha kila siku ya nyumbani au ya mtaani, na hata nikipiga nyingi naichagua moja tu ndo inabaki, sasa watu wananiuliza kwenye mji mdogo hivi ambao siku zote zinafanana unapata wapi cha kupiga. Jamani, hapo kwenye kufanana ndo penyewe! Harusi na mahafali zina wapiga picha wake, lakini nani anampiga mama anayetafuta miwani na iko kichwani kwake, au watoto wakigombania rimoti, au mzee kasinzia kwenye kiti na redio inaongea peke yake?

Kwanza kabisa, usisogee sana. Najua wote tunapenda sura ijae skrini nzima, ila ukirudi nyuma kidogo unapata na kochi, kalenda ya ukutani, viatu vilivyovuliwa hovyo mlangoni, waya wa pasi uliozungushiwa selotepu. Toa albamu ya zamani kwenu uone watu wanaongelea nini. "Hee, kumbe lile kabati lilikuwaga hapa!" Sura za ndugu zako unazijua, vile vya pembeni ndo vinaondoka bila kuaga, na mji nao ni hivyo hivyo, bango linabadilishwa, mti unakatwa, nyumba ya kona inavunjwa na baada ya muda hamkubaliani hata rangi yake ilikuwa ipi. Kwa hiyo chagua kona moja unayopita kila mara, simama palepale, piga, urudi tena baadae. Picha moja haitakwambia kitu, ziweke zote kwa mpangilio ndo utashangaa.

Kuna Mmarekani anaitwa Jamie Livingston alipiga picha moja ya Polaroid, ile kamera inayotoa picha ya karatasi hapohapo, karibu kila siku kuanzia Machi 31, 1979 mpaka siku aliyofariki, Oktoba 25, 1997, akiwa na miaka 41. Ukizifuata unaona marafiki, vyumba, mitaa, vitu vya kawaida kabisa, halafu taratibu ugonjwa unaanza kuingia. Na Polaroid haina mambo ya kufuta, kilichotoka kimetoka! Sisi na simu zetu tunapiga ishirini za kitu kilekile halafu hatuziangalii tena, kwa hiyo kama utachukua kitu kimoja kwake chukua hiyo, moja kwa siku.

Ufundi sio mwingi. Futa lenzi na kitambaa laini kabla hujapiga, simu imekaa mfukoni siku nzima hiyo. Zima flashi, sogeza mtu karibu na dirisha mwanga umpige ubavuni. Nje piga asubuhi au jioni, jua la saa sita linaweka vivuli kwenye macho mtu anaonekana kama hajalala. Zumu ya simu nyingi ni kukata tu picha na kuikuza, we tembea usogee. Mtoto mpige ukiwa umechuchumaa. Na usimwambie mtu acheke, utapata meno tu.

Halafu mpe na mwingine simu akupige wewe, maana kila familia ina mtu mmoja ambaye hayumo kwenye picha yoyote kwa sababu yeye ndo mpigaji.

Hapa ndo nitakuwa mkali kidogo, ANDIKA. Mstari mmoja tu, nani, wapi, alikuwa anafanya nini, alisema nini. Unaona leo ni upuuzi kuandika jina la jirani unayemuona kila siku, ila atakayerithi hizo picha hamjui huyo jirani hata kidogo. Tarehe usitegemee simu itakutunzia, ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa ubora unashuka na ile tarehe ya kupigwa iliyokuwa ndani ya faili inaondolewa. Tuma kama dokyumenti. Na weka nakala tatu, ya kwenye simu, ya kwenye diski au fleshi, na nyingine iwe mbali na nyumbani, mtandaoni au kwa ndugu, maana simu ikiibiwa haiibiwi peke yake.

Kuposti ni habari nyingine. Mji mdogo watu wanajuana kwa mwendo tu, kwa hiyo aliyelia, aliyelewa, aliyelazwa, muache. Muulize mtu kwanza, akikataa futa mbele yake, ndo atakuamini siku nyingine. Za watoto kama lazima uziweke zima ile sehemu ya kamera inayohifadhi mahali picha ilipopigwa, na angalia kama jina la shule halisomeki kwenye sare.

Ukiruka siku, ruka bwana, usije ukaamka saa tano usiku kupiga ukuta ili tu usikose.