Wasomaji wanauliza: muziki wa zamani na wa leo, tuupime kwa mizani gani?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Lubumbashi, na karibu zote zinauliza kama muziki unaopigwa leo unaufikia ule wa zamani. Tumechagua tano.

"Jambo wahariri. Nyumbani kwetu Kamalondo kila Jumapili ni ugomvi uleule. Mimi naweka Franco na Docteur Nico, magwiji wa rumba ya Kongo, watoto wanasema ni vitu vya wazee. Wao wakiweka vya kwao, mimi nasikia mdundo mmoja na sauti ya mashine. Nani ana haki?"

Baba, ugomvi hauishi kwa sababu mizani yenyewe imepinda. Wewe unaleta mezani mchele uliokwisha kupepetwa. Studio za Ngoma, Opika na Loningisa za Kinshasa, enzi hizo ikiitwa Léopoldville, zilitoa santuri nyingi mno, na nyingi kati yake hakuna anayezikumbuka. Makapi yamepeperuka, punje nzuri zimebaki kwako. Watoto wako wanakula vyote kwa pamoja, maana nyimbo za mwaka huu hazijapata wa kuzipepeta.

Jambo la pili ni ukubwa wa sauti. Sikio likisikia vitu viwili vinavyolingana, kimoja kikiwa juu kidogo tu, litakipenda hicho cha juu na kudhani kimepigwa vizuri zaidi. Nyimbo za leo hutoka studio zikiwa zimebanwa na kupandishwa sana. Kwa hiyo kabla ya kubishana, shusha sauti ya wimbo wa watoto mpaka ulingane na wako. Mtu mwingine afanye kazi hiyo, ninyi mkiwa mmefumba macho.

Mkishasawazisha hayo, sisi tunasema wazi: kwa magitaa, zamani inashinda, tena kwa mbali. Kwa ngoma na besi, leo inashinda. Sikiliza sebene yoyote nzuri ya miaka ya 1970, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea inayokuja baada ya kuimba. Kuna gitaa la akompa linaloshika njia, mi-solo katikati, na solo juu. Kila mmoja anapiga kifungu kifupi chenye pengo ndani yake, na mwenzake anaingia pengoni. Ukimfuata mmoja kwa dakika nzima utamsikia akibadilisha kitu kidogo, noti moja imechelewa, nyingine imekazwa, kwa sababu amemsikia mwenzake. Sasa chukua wimbo wa kompyuta ambamo gitaa limerekodiwa mara moja, likanakiliwa mwanzo hadi mwisho. Pigo la kumi ni lilelile la kwanza. Hapo ndipo wewe unaposema "mashine", na hujakosea. Ila watoto nao hawajakosea wanaposema nyimbo zako hazina tumbo: vyombo vya kurekodia vya miaka ya 1950 havikuweza kushika besi nzito wanayoisikia wao leo.

Tena asikudanganye mtu kwamba muziki wa leo ni kompyuta tu. Karindula bado inapigwa hapa kwetu: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi juu yake, nyuzi nne, na mtu anayejua kazi. Wapelekeni watoto wakaione kwa karibu.

"Waimbaji wa siku hizi wanatupa mabanga, wanalipwa kutaja majina ya matajiri ndani ya wimbo. Wazee wetu waliimba kwa moyo. Au ninakosea? Mama wa Katuba."

Mama, moyo walikuwa nao, na pesa pia walipokea. "Azda" ya Franco, ya mwaka 1973, ni tangazo la wauzaji wa magari ya Volkswagen, na watu waliicheza wakiitikia jina la gari. Tofauti iko kwenye mahali pa kulitia jina. Katika "Azda" tangazo limepewa wimbo wake, na wimbo umesimama. Banga la leo mara nyingi linaingia katikati ya kisa: mwanamke analia kwamba ameachwa, ghafla linatajwa jina la mwenye duka, na machozi yote yanakatika. Lalamikia hilo, Mama, una haki kabisa.

"Kwa nini sauti za waimbaji wa leo zinafanana zote? Ruashi."

Kwa sababu nyingi zimepitishwa kwenye programu moja, au ndugu zake. Auto-Tune ilitoka mwaka 1997 ili kurekebisha noti iliyopotea kidogo. Ndani yake kuna kipimo cha kasi ya kurekebisha, kwa milisekunde. Ukikiweka 0, kila noti inarukia mahali pake papo hapo, na hiyo ndiyo sauti ya roboti. Ukikipandisha hadi 30 au 50, mwimbaji anabaki mwenyewe.

Kwa muziki wetu hasara ni kubwa kuliko kwa mwingine. Mwimbaji wa rumba hapandi kwenye noti kama mtu anayepanda ngazi, anateleza kuifikia, na huruma yote imo katika kule kuteleza. Kwenye 0 mteremko ule unakatwa vipandevipande. Vijana mnaorekodi nyumbani, fanyeni hivi: imba wimbo mara tatu au nne, chagua mstari mmoja mmoja ulio bora, kisha programu iguse noti zile tu zilizopotea. Na usisahau kuiambia uko ufunguo gani. Ukiuacha wazi, itakuvuta kwenye noti jirani isiyo ya wimbo, nawe utadhani umeimba vibaya.

"Najifunza gitaa, Kampemba. Nataka kupiga kama wazee wa Katanga, Mwenda wa Bayeke na Losta Abelo. Noti ninazo zote lakini haifanani na ya kwenye santuri. Kasoro ni nini?"

Mdogo wetu, tunashukuru kwa swali hili. Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, na wimbo wake "Masanga" wa siku hizo bado inawatoa jasho wapiga gitaa wa dunia nzima. Ukiwa umezipata noti zote, kasoro yako karibu kwa hakika iko kwenye kidole gumba.

Mtindo huu ni wa vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba lina nyuzi nene, cha shahada kina nyembamba. Wengi wanajifunza melodi kwanza, halafu wanatafuta pa kuliweka gumba. Matokeo yake gumba linavutwa na cha shahada, vinagonga pamoja, na gitaa moja linasikika kama gitaa moja. Kwa Mwenda unasikia mawili.

Anza upya. Shika umbo la Do: uzi wa 2 kwenye kisanduku cha 1, uzi wa 4 kwenye cha 2, uzi wa 5 kwenye cha 3. Piga gumba peke yake, uzi wa 5, kisha wa 4, wa 5, wa 4, ukifuata metronomu ya simu kwenye mapigo 70 kwa dakika. Fanya hivyo mpaka uweze kumjibu mtu anayekusalimia bila gumba kusita. Ndipo uongeze cha shahada, noti moja tu, uzi wa 1, katikati ya mapigo mawili ya gumba. Hapo ndipo patamu. Noti ile isianguke juu ya pigo, iwe baina yake na linalofuata. Ukiweza noti moja, weka mbili, kisha hamisha umbo kwenda Fa na Sol. Kasi isipande zaidi ya mapigo 5 kwa wakati mmoja. Wiki tatu za namna hii zinafaa kuliko miezi sita ya kukimbiza melodi.

Kuna jambo la pili linalowavunja moyo wengi: gitaa lako halikubaliani na santuri, hata ukilifunga sawasawa kwa programu ya simu. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika mara nyingi zimehamishwa kwenye faili kwa kasi isiyo kamili, na kasi ikizidi kwa asilimia 6 hivi, wimbo wote unapanda nusu toni. Usipambane nayo. Funga uzi mmoja ulingane na santuri, nyuzi nyingine zifuate huo. Au tia kibano kwenye shingo ya gitaa. Kalamu ya risasi iliyokazwa kwa raba nayo inatosha, mradi ikandamize nyuzi zote sita karibu kabisa na chuma kinachotenganisha visanduku. Ikikaa mbali na chuma, uzi wa 6 utakwaruza.

"Napiga muziki kwenye harusi, commune ya Kenya, hapa Lubumbashi. Wazee wanaomba rumba ya zamani, naiweka, uwanja unapoa. Je, ni wimbo au ni mabafle (spika) yangu?"

Si wimbo, wala si mabafle. Unautoa wimbo wa leo uliobanwa, kisha unaweka wa zamani ulio chini kwa desibeli 6 hadi 10, na mwili wa mchezaji unasikia kama umeme umepungua. Kosa la kawaida ni kuupandisha wa zamani katikati ya sherehe, na mlio wa santuri na mikwaruzo vikapanda nao. Fanya kinyume, tena mchana, kabla ya wageni kuja. Weka wimbo wa zamani kwanza, panga kiwango chake kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, mpaka taa nyekundu ikaribie kuwaka lakini isiwake. Kisha shusha wa leo ulingane nao. Nguvu ya jumla utaiongeza kwenye amplifaya.

Usiongeze besi ya chini kabisa. Chini ya hezi 40 hakuna muziki kwenye nyimbo hizo, ni mngurumo wa mashine ya santuri tu, kwa hiyo kata hapo. Ukitaka joto, ongeza desibeli 3 kwenye hezi 100 au 120, ambako gitaa la besi linakaa kweli. Kwa zile za miaka ya 1950 unaweza kupunguza juu ya hezi 8,000, maana huko ni mikwaruzo mitupu. Za miaka ya 1970 usiziguse huko juu, utaua makali ya gitaa la solo.

Angalia na faili zako. Kulinakili faili kutoka simu hadi simu hakuliharibu. Kinacholiharibu ni kuligeuza: kutoka video kwenda MP3, likapunguzwa lipite WhatsApp, likageuzwa tena. Tafuta nakala ya kilobiti 256 au 320 iliyogeuzwa mara moja tu.

Lakini sababu kubwa ya uwanja kupoa huenda ni sebene isiyofika. Wimbo wa leo unaanza na mdundo sekunde ya kwanza, kwani Spotify haihesabu msikilizaji mpaka atimize sekunde 30, na mtunzi anaogopa kurukwa. Rumba haina haraka hiyo. Inaimba kwanza, wawili wanashikana, na moto unakuja nyuma. Kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, nyimbo ndefu ziligawanywa: kuimba upande wa A, sebene upande wa B. Nakala nyingi zinazozunguka ni za upande wa A peke yake. Wazee wako wanasubiri kitu ambacho hakimo kwenye faili.

Tafuta nakala zilizoandikwa 1 na 2, uziunganishe kwenye kompyuta. Upande wa A mara nyingi unafifia mwishoni, na wa B unaanza kwa kupanda. Vipishanishe kwa sekunde 2 au 3, na hakikisha pigo la kwanza la B linaangukia pigo la A. Ukikosea hapo hata kwa nusu pigo, wachezaji watakanyagana.