Jibu: Watoto wa darasa la nne kuongoza mchango

Mwalimu, umeuliza kama wanafunzi wa darasa la nne wanaweza kuongoza wenyewe mchango wa tangi la maji. Wanaweza, tena waachie kweli. Ryan Hreljac wa Kanada alikuwa na miaka 6 mwaka 1998 alipoanza kufanya kazi za nyumbani ili apate dola 70 za kisima. Akaambiwa kisima ni kama dola 2,000. Hakukata tamaa, akazidi kuchangisha, na mwaka 1999 kikachimbwa Shule ya Msingi Angolo, Uganda.

Mweka hazina wamchague wao. Daftari alishike yeye, kila mia mbili iandikwe mbele ya aliyetoa, jumla isomwe mstarini kila Ijumaa. Fedha zenyewe atunze mtu mzima. Na tafadhali wasipelekwe barabarani na makopo. Wauze maandazi siku ya wazazi.